Sura ya Saba: Miguu ya Mama Dina

Sajenti Flora aliiweka simu yake juu ya kaunta, akaisogeza mbele ya Gabriel kwa kidole kimoja.

"Hii umeitengeneza wewe?"

Gabriel alikuwa na duka la steshenari jirani na stendi ya Newala. Kadi za harusi, mabango ya mahafali, picha za marehemu zilizoondolewa mikunjo, vyote vilitoka kwake, na tangu aanze kutumia akili mnemba, kamera yake ilikuwa imebaki makazi ya buibui. Ukitaka picha ya harusi mbele ya maporomoko ya maji, wakati huku juu hata ya kunywa tunayapangia foleni, Gabriel anakaa kwenye kompyuta, anaiandikia mashine maneno, na maporomoko yanatoka. Kwa hiyo picha ile ilipoanza kuzunguka, kila aliyeulizwa na polisi kaipata wapi alisema ametumiwa tu, na kila aliyeulizwa nani anaweza kuitengeneza alitaja jina moja.

Gabriel aliitazama. Aliinua miwani, akaishusha. Uso wake ukawa wa fundi cherehani aliyeletewa suruali mbovu akaambiwa ni kazi yake.

"Afande, bora ungenipiga kofi."

"Swali langu halikuhusu kofi."

"Sijaitengeneza mimi. Na aliyeitengeneza hajui kuagiza."

Koplo Cuthbert, ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu na alikuwa ameanza mazoezi yake kwenye kiti cha wateja, alifumbua jicho moja. "Kuagiza nini? Chipsi?"

Ilikuwa picha safi, ya rangi nzuri, na kwa mtu anayeitazama mbiombio haikuwa na kasoro. Mwanamke mtu mzima amesimama karibu na lori, amekumbatia sufuria kubwa la aluminiamu, anamkabidhi mnunuzi wa vyuma chakavu. Uso wake umezibwa nusu na sufuria. Chini, mtu kaandika kwa herufi kubwa: MWIZI WA SUFURIA LA MKUNYA AONEKANA.

Sufuria lenyewe halikuwa la kuchezea. Wanawake wa kikundi cha kufa na kuzikana cha kule Mkunya walilinunua kwa kuchangishana, wakalipa jina la Bwana Mkubwa, na tangu siku hiyo hakuna msiba wala harusi, ya Waislamu au ya Wakristo, iliyopikwa pale bila Bwana Mkubwa kuwepo. Lilikaa kwenye stoo ya kikundi. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari jikoni kwa Bernadeta, ambaye kila mtu humwita Mama Dina kwa jina la binti yake. Wiki iliyopita stoo ilifunguliwa kwa ajili ya arobaini ya mzee mmoja. Kufuli lilikuwa zima, mlango mzima, vijiko vyote vipo, Bwana Mkubwa hayupo.

Watu walikuwa bado wananong'ona tu. Ndipo picha ikaja, na minong'ono ikageuka hukumu, kwa sababu wanawake walimtambua mwizi. Hawakumtambua kwa uso.

"Uso kaubadilisha kwa poda," alisema Mama Oliva, mwenyekiti wao, wakati anaandikisha maelezo kituoni. "Lakini miguu, afande, utaipaka nini?"

Na kweli, miguu ilikuwa ya Mama Dina bila ubishi. Ndala nyekundu, ya kushoto ukanda wake umeshonwa kwa uzi wa bluu. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kimempanda mwenzake. Pindo la kanga lina tundu dogo la cheche ya moto. Leo alasiri kikundi kingekutana kumfukuza.

Flora alikuwa amemhoji jana. Mama Dina hakulia, na hilo ndilo lililomuuma Flora zaidi.

"Kufungwa siogopi, mwanangu," alimwambia. "Gerezani wanapika. Mimi naogopa kufa. Nikitolewa kwenye kikundi, siku nikifa nani atawapikia watu? Watakuja, watakaa, watanyanyuka na njaa zao, na huko njiani watasema marehemu alikuwa mchoyo. Nimepika misiba ya kata nzima. Wangu ulale na njaa?"

Ndiyo sababu asubuhi hii Flora alikuwa kwa Gabriel kabla duka halijafagiliwa.

"Hebu nieleze," alisema. "Hajui kuagiza kivipi?"

Gabriel aliikuza picha kwa vidole viwili. "Nyuma ya lori unaona nini?"

"Mkorosho."

"Umezaa nini?"

Flora akainama. Mkorosho ulikuwa umezaa korosho nyeupe, zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa, zikining'inia vishada vishada kama zabibu. Bibo, tunda lenyewe linalobeba korosho, halikuwepo hata moja.

"Mti huo ningekuwa nao mimi," alisema Cuthbert, "upolisi ningeusikia redioni."

"Na huku?"

"Mto," alisema Flora. "Una bata."

"Mkunya kuna mto?"

"Mkunya kuna ndoo," alijibu Cuthbert.

"Na mnunuzi wa vyuma chakavu kavaa tai."

Hilo la tai Flora alikuwa ameshalifanyia kazi. Mnunuzi aliyezoeleka huku juu alikuwa Cyril wa Masasi, na alipopigiwa simu alianza kwa kukana sufuria, lakini alipotumiwa picha alilisahau kabisa sufuria. "Mimi na tai, afande? Siku ya ndoa yangu mwenyewe walinibembeleza nikakataa!" Lori lake lilikuwa juu ya mawe kwa fundi tangu mwezi uliopita, na fundi alithibitisha kwa uchungu mwingi. Njia hiyo ikafungwa.

"Mashine haiijui Newala," Gabriel aliendelea. Sasa alikuwa amesimama, amenogewa. "Usichoiambia haikuulizi, inajijazia yenyewe. Mtu kaandika mkorosho wenye korosho, basi. Hakusema bibo liko juu na korosho yake imening'inia chini, kwa sababu nani huku asiyejua? Mashine ikaenda kuchukua korosho za kwenye pakiti. Mimi naanza na nani, yuko wapi, anafanya nini. Nasema mwanga unatoka upande gani, picha imepigwa kwa karibu au kwa mbali. Halafu nasema nisivyovitaka. Mto sitaki. Tai sitaki. Bata sitaki kabisa."

"Niache nijaribu."

Flora alikaa kwenye kompyuta. Aliandika kwa mtindo aliofundishwa chuoni na asioweza tena kuuacha: Mnamo majira ya jioni, katika eneo la Mkunya, alionekana mwanamke mmoja ambaye jina lake linahifadhiwa, akiwa na sufuria moja mali ya kikundi.

Mashine ikatafakari, ikaleta mwanamke aliyefunikwa shuka jeupe kuanzia utosini hadi chini, amesimama kando ya kabati la kioo. Ndani ya kabati kulikuwa na sufuria dogo limefungwa kufuli.

"Hiyo ni PF3, fomu ya polisi kwa picha," alisema Gabriel kwa upole.

"Nipisheni," alisema Cuthbert. Aliandika kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti. "Habari za kazi, mashine. Sisi huku hatujambo. Naomba sufuria kubwa. Ahsante."

Wakaletewa wanaume wawili wenye furaha wakipeana mikono juu ya sufuria.

"Hii imenielewa," alisema Cuthbert. "Ina adabu."

Flora hakucheka. Alikuwa amelikazia macho lile sufuria la salamu. Aliandika tena, safari hii kifupi: sufuria kubwa la aluminiamu la kupikia shughuli. Likaja, lina mishikio miwili. Akarudia. Mishikio miwili. Akasema la zamani, akasema limechakaa, akasema limebebwa na mwanamke. Lilikuja limebonyea, limeungua, limebebwa, na kila lilipokuja lilikuwa na mishikio yake miwili, mmoja huku, mmoja kule.

"Gabriel. Nikitaka lenye mshikio mmoja?"

"Useme. Bila kusema hulipati. Mashine inajua sufuria lina mishikio miwili."

Flora aliichukua simu yake, akaikuza picha ya mwizi, akamwonyesha Cuthbert. Bwana Mkubwa wa kwenye picha alikuwa na mshikio mmoja. Upande wa pili palikuwa na matundu mawili tu ya ribiti.

Cuthbert alifumbua na jicho la pili.

Jana, wakitoka Mkunya, Flora alisimamisha pikipiki kwenye mteremko wenye mchanga na kuokota kipande cha aluminiamu kilichopinda, pembeni ya alama ya pikipiki nyingine iliyoanguka. Cuthbert alisema ni cha kuwekea miguu ya abiria. Flora alikizungushia gazeti na hakumwambia mtu. Jioni aliwauliza kwa simu wanawake wa kikundi, mmoja mmoja, Bwana Mkubwa alikuwaje, na wote walisema mishikio miwili, imara, hata wanaume wanne wakimbeba hatikisiki.

"Kwa hiyo aliyeagiza picha," Cuthbert alinong'ona, "amemwona Bwana Mkubwa baada ya kuanguka."

"Ndiye aliyeanguka naye. Na hana habari kuwa kung'oka kwa mshikio ni siri. Yeye ameeleza sufuria kama alivyozoea kuliona."

"Kwa nini sasa amsingizie Mama Dina?"

"Ngoja kwanza." Flora alikuwa anatembea kati ya kaunta na mashine ya kutolea fotokopi, hatua chache kwenda, chache kurudi. "Kwenye picha hii mambo ya kweli ni mawili tu. Sufuria na miguu. Mti umejazwa na mashine, mto umejazwa, tai imejazwa. Hata uso. Huo uso, umemwona Mama Dina, wanafanana?"

"Huo uso ni wa tangazo la sabuni."

"Basi. Mtu anaijua miguu ya mwanamke mpaka rangi ya uzi kwenye ndala, na uso wake hana la kusema. Ni nani huyo?"

Cuthbert alifikiri kwa bidii iliyoonekana. "Fundi viatu," alisema.

Lilikuwa wazo zuri kuliko yote aliyowahi kuyatoa tangu wafanye kazi pamoja, na Flora alimwambia hivyo. Wakaondoka kumtafuta fundi viatu.

Walimkuta Mama Dina uani kwake, anaanika mabibo yaliyokatwakatwa yakauke yawe kochoko. Mikono ilikuwa inafanya kazi, yeye mwenyewe hakuwepo. Ufunguo wa stoo ulikuwa umeshachukuliwa na Mama Oliva, na msumari wake ulibaki mtupu ukutani.

"Shikamoo, Mama Dina."

"Marahaba. Mmekuja kunichukua kabla hawajanitoa, au baada?"

"Tumekuja kuuliza kuhusu ndala. Ni fundi gani alikushonea?"

"Fundi!" Mama Dina aliinua mguu wa kushoto, akautazama kama mtu aliyemsaliti. "Nimeshona mwenyewe, na sindano ya magunia. Nimpe fundi ndala anirudishie nini?"

Cuthbert alishusha pumzi. Wazo la fundi viatu likafa likiwa bado changa.

"Nani anapenda kukaa hapa miguuni kwako?" Flora aliuliza. "Wajukuu?"

"Wajukuu wako Masasi na mama yao. Dina amekwenda kumwuguza dada yake aliyejifungua. Hapa nipo peke yangu na kuku."

"Nani anakuja hapa na hanyanyui uso?"

Mama Dina akaacha mabibo. Kwa mara ya kwanza tangu Flora amjue, uso wake ulipata nuru kidogo.

"Huyo ni mkwe wangu, Luka, mume wa Dina. Muulize mtu yeyote hapa Mkunya kama kuna mkwe mwenye adabu kama yule. Wakwe wa siku hizi wanakukodolea macho, wanakula na wewe sahani moja, mwingine anakuomba chumvi! Luka hajawahi kunitazama usoni tangu siku ya posa. Akija anachuchumaa pale mlangoni, macho chini, anasalimia, anasubiri. Nikiwa nafua, ananisubiri. Nikiwa nabangua korosho, ananisubiri. Hata sasa, na watu wote wamenikimbia, yeye amekuja. Alichuchumaa palepale akalia machozi. Sijawahi kuona kijana anaumia hivyo kwa ajili ya mkwe."

Flora na Cuthbert hawakutazamana. Cuthbert alijifanya anahesabu kuku.

"Ana pikipiki?" Flora aliuliza.

"Anayo. Juzijuzi ilimwangusha, masikini, kaumia kiwiko."

"Mama Dina," alisema Flora, "leo alasiri usiongee neno. Hata wakikutukana. Unaweza?"

"Nimeolewa miaka mingi, mwanangu. Naweza."

Uani kwa Mama Oliva mabenchi yalipangwa mstari mmoja. Wanawake wa kikundi walikaa bega kwa bega, Mama Dina katikati yao, amejifunga juu kanga ya kuazima. Kwa maelekezo ya Flora jamvi refu lilitandikwa magotini mwao, likashuka mpaka chini, na miguu yote ikapotea nyuma yake. Nyuso zote zilikuwa wazi, mchana kweupe, kwa yeyote anayetaka kuzitazama.

"Hili ni gwaride la utambulisho?" Cuthbert alinong'ona.

"Ndiyo."

"Kwa kawaida shahidi ndiye anamtambua mtuhumiwa, afande. Hapa mtuhumiwa gani anatambuliwa na nani? Kwenye kanuni zetu hakuna kitu kama hiki."

"Zikirekebishwa watakiweka."

Luka, aliyeitwa na Flora, alifika kwa pikipiki, kiwiko kimefungwa bandeji. Alikuwa kijana mrefu, lakini alivyoingia uani urefu wote aliuacha getini. Macho yalikuwa kwenye mchanga. "Shikamooni mama zangu," aliuambia mchanga.

"Marahaba," ilijibu safu nzima, isipokuwa mmoja.

Flora alimpa kikombe cha maji. "Luka, mkweo tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, na kikao kitakuwa kirefu. Mpelekee haya maji."

Luka alipokea kwa mikono miwili. Aliinama, akaanza kutembea kando ya mabenchi, macho yakitafuta chini pale yanapotafuta siku zote. Yalikuta jamvi. Akaendelea. Jamvi. Alifika mwisho wa safu, akasimama, akageuka, akarudi polepole zaidi. Alipita mbele ya Mama Dina karibu kabisa, akampita. Mwanamke mmoja alijibana mbavu asicheke.

Safari ya tatu jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Hatimaye alifanya uamuzi wa mwanamume. Akapiga goti, akanyoosha kikombe kwa heshima zote, akasema, "Karibu maji, mama."

Alikuwa amempa Mama Oliva.

Mama Oliva alipokea, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama Dina alikuwa watu wawili tu kutoka pale, mdomo wazi, akimwangalia mkwe mwenye adabu kuliko wote Mkunya akimnywesha mwanamke mwingine.

"Cuthbert," alisema Flora. "Jamvi."

Cuthbert alilivuta. Miguu ikatokea, safu nzima, na katikati yake ndala nyekundu, uzi wa bluu, kidole juu ya mwenzake. Luka aliiona. Aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, akachuchumaa, akageuza uso pembeni, akaanza kuomba radhi hata kabla hajajua kosa ni lipi.

"Sasa umemjua," alisema Flora. Alifungua gazeti, akauweka mshikio kwenye mchanga, pale alipojua utaonekana. "Na huu unaujua?"

Luka aliutazama. Bega moja lilishuka, halafu la pili.

"Uliuokota wapi, afande?"

"Mteremkoni. Sufuria liko wapi?"

"Shambani kwangu. Nimelifunika majani ya mkorosho."

"Lina nini ndani?"

"Uraka," alisema Luka kwa sauti ndogo.

Mabenchi yakalipuka. Sufuria la misiba! Sufuria la maulidi! Ndani yake pombe ya mabibo! Bi Pili, aliyepikia maulidi zote, alishika kichwa na kutangaza kuwa Bwana Mkubwa ataoshwa mpaka atubu. Flora aliinua mkono mpaka wakatulia.

"Kwa nini hukuomba?"

"Nimwombe nani, afande? Dina yupo Masasi. Yeye ndiye husema na mama kwa ajili yangu. Mabibo yanaozea shambani, chombo sina. Mimi nimwendee mkwe wangu, nimwambie kwa mdomo wangu, mama naomba sufuria? Ningeanzaje?"

Wanawake kadhaa, licha ya hasira, walitikisa vichwa kukubali. Kweli, angeanzaje.

"Nikachukua ufunguo msumarini mama hayupo, nikafunga tena vizuri, nikasema nitalirudisha kabla ya mtu kujua. Pikipiki ikaniangusha, mshikio ukang'oka sikujua umeangukia wapi. Nikashindwa kulirudisha likiwa kilema."

"Na picha?"

Hapo Luka alianza kulia. "Nilisikia wanasema mama kaliuza, kwa sababu ufunguo ni wake. Roho iliniuma. Nikasema nitawatengenezea mwizi mwingine, wa mbali, asiyejulikana na mtu, ili mama awe salama. Nikaiandikia mashine kwenye simu: mama mtu mzima asiyejulikana, anauza sufuria. Ikamleta hana viatu. Nikaona watu hawataamini, mtu wa mbali atatembeaje bila viatu? Nikaongeza viatu, na vidole, na pindo la kanga."

"Viatu vya nani?"

"Vya mama mtu mzima."

"Yupi?"

Luka aliufuta uso kwa bandeji. "Afande, mimi mama mtu mzima ninayejua viatu vyake ni mmoja tu."

Mtu fulani mwisho wa benchi alianguka kwa kicheko. Flora aliuma mdomo ndani.

"Na picha ilipokuja hukuona umemchora mkweo mwenyewe?"

"Nilitazama uso, nikasema huyu mama simjui kabisa. Nikafurahi. Nikaituma."

Mama Dina alinyanyuka. Kicheko kilikatika. Alisimama mbele ya kijana, ndala nyekundu zikiwa hatua moja kutoka puani kwake.

"Luka. Nitazame."

"Aa!" walisema wanawake.

"Siwezi, mama."

"Nimesema nitazame. Adabu yako imeniweka kwenye simu za wilaya nzima. Nyanyua uso."

Ilichukua muda. Macho ya Luka yalipanda kwenye tundu la cheche, yakapanda kwenye kanga ya kuazima, yakasita, yakafika. Alitazama kama mtu anayesoma bango la barabarani kwa mara ya kwanza.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe ni Dina mwenyewe, akiwa amekasirika."

Hapo hata Mama Dina alishindwa. Alicheka huku machozi yanamtoka, na hayakuwa yote ya kicheko. Mama Oliva alikuja mbele, ufunguo wa stoo mkononi.

"Bernadeta," alisema, "kikundi kimekosa. Chukua ufunguo wako. Shauri la polisi tunaliondoa, kama afande atakubali."

"La sufuria ni lenu," alisema Flora. "La picha, Luka atakuja kituoni kuandika maelezo. Na maelezo hayo hataiandikia mashine."

Mama Dina hakuupokea ufunguo. Aliwatazama wenzake mmoja baada ya mwingine, wanawake aliopika nao kwenye mvua na kwenye vumbi, na wote wakagundua ghafla kwamba mchanga una mambo mengi ya kutazamwa.

"Miguu yangu mliijua," alisema. "Mimi mwenyewe hamkunijua. Ufunguo nitachukua, lakini kwanza mnipikie."

"Tukupikie nini?"

"Msiba wangu. Nataka niule nikiwa hai, nione mtanifanyia nini. Mimi leo sishiki mwiko. Nakaa."

Alikaa kwenye kiti cha Mama Oliva mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Bwana Mkubwa aliletwa kutoka shambani. Uraka ulimwagwa, koplo akitazama kwa huzuni isiyo ya kikazi. Luka alitumwa maji kwenye kioski, akarudi, akatumwa tena, na kila Bi Pili aliponusa alitumwa tena. Sufuria lilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa, upande uliokosa mshikio ukafungwa waya, na Luka akapewa moto auchochee. Alichochea vizuri. Kila baada ya muda aliinua macho, akamtazama mkwe wake, akayashusha haraka, kama anayehakikisha kuwa hajabadilika.

Wali na maharage vilipoiva, Mama Dina aliletewa sahani ya kwanza. Cuthbert, aliyekuwa amekaa jirani, sahani yake mwenyewe tayari mkononi, aliona lazima aseme kitu.

"Pole sana na msiba," alimwambia.

"Ahsante, baba. Tumeshapoa."

Mama Dina alionja. Alitafuna polepole. Kikundi kizima kilisimama na miiko mikononi, kikisubiri, na Mama Oliva alikuwa ameshika kifua.

"Wali umeungua chini," alisema hatimaye. "Maharage hayana chumvi. Bizari hamkutia, mmeifichia nani sijui." Aliweka sahani magotini, akanyoosha mkono, akachukua ufunguo. "Afande, andika kwenye maelezo yangu. Mwaka huu sifi."